Mizigo Sita ya Kuni

Naitwa Klaudia. Ninakaa Izimbya, na mume wangu ni Ildefons. Ni mtu mwema. Nasema hivyo mapema, kwa sababu mbele nitamsema sana.

Mwaka ule wa 1988 siku yangu ilianza na kuni. Kabla ya uji, kabla ya kufagia, swali lilikuwa moja tu: kuni zipo? Mara nyingi hazikuwepo. Au zilikuwepo, lakini zimelowa, maana ilikuwa masika. Nilipiga magoti mbele ya mafiga, nikapuliza mpaka kichwa kikauma. Moshi ulijaa nyumba nzima. Watoto walianza kukohoa, mmoja chumba hiki, mwingine chumba kile, kama majogoo wanaoitikiana. Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yetu.

Tulikuwa watu kumi. Watoto wetu walikuwa wanne. Wanne wengine walikuwa wa shemeji yangu Kashaija. Kashaija alinunua samaki kisiwani Goziba na kuwauza Muleba. UKIMWI ulimchukua yeye, na baada ya miezi tisa ukamchukua mkewe. Tulizika, tukalia, tukawaleta watoto nyumbani. Sijajuta hata siku moja. Lakini chungu cha watu sita hakilishi watu kumi, na chungu kikubwa kinataka moto mkubwa.

Na kuni zilikuwa zinakwisha. Kwetu mtu akifa, kila nyumba hupeleka msibani ndizi na mzigo wa kuni. Kuni za kupikia watu, na kuni za moto wa wanaolala matanga. Zamani msiba ulikuja mara chache kwa mwaka. Miaka ile tulizika karibu kila wiki. Miti ya karibu iliisha. Ilibidi kutoka kwenye vibanja vyetu vya migomba, kuvuka rweya, ule uwanda mpana wa nyasi, na kupanda mpaka msitu mdogo nyuma ya kilima.

Aliyepanda zaidi ni Joviana, binti mkubwa wa marehemu Kashaija. Alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba. Nyumba yetu ilikula mizigo sita ya kuni kwa wiki. Mimi nilileta miwili. Joviana alileta minne. Ukitoa siku nne kwenye wiki ya mtoto, shule inabaki na nini?

Siku moja mwezi wa tatu alikuja Mwalimu Aristides, mwalimu wa darasa la saba. Hakukaa. Alisimama mlangoni na daftari lake la mahudhurio kwapani.

"Ma Klaudia," alisema, "Joviana ana akili kuliko wengi pale darasani. Lakini mwezi huu nimemwona siku saba tu. Mwisho wa mwezi wa sita ninapeleka orodha ya watakaofanya mtihani. Mtoro simwandiki."

"Si mtoro, Mwalimu. Anatafuta kuni."

"Najua. Lakini daftari hili lina sehemu mbili tu, yupo na hayupo. Akiendelea hivi, jina lake halitakuwemo. Na asipofanya mtihani mwaka huu, hutamwona tena shuleni. Unajua wasichana wa umri huu wanaishia wapi."

Nilijua. Wengine walikuwa wameolewa. Wengine walikwenda kupika kwenye kambi za wavuvi visiwani, na tulijua walivyorudi. Joviana alisikia yote. Alikuwa nyuma yangu anamenya ndizi, na kisu chake kilisimama.

Nilimweleza Ildefons yote. Alisikiliza vizuri. Alitazama paa, nikadhani anafikiria mtoto. Kisha akasema, "Nimeona dawa ya nyumba hii. Nyumba hii inataka umeme."

Niliuliza umeme utaleta kuni namna gani. Aliniambia wanawake hatuoni mbali.

Wiki ile chama cha ushirika kilikuwa kimetoa malipo ya pili ya kahawa. Ildefons alizichukua fedha zote, nami nikamfuata mpaka Bukoba mjini, angalau nione zinakokwenda. Zilikwenda kwenye duka la Jayant. Jayant ni mmoja wa Wahindi wachache waliobaki mjini. Babu yake, mzee Laxmidas, ndiye aliyeanzisha duka lile la misumari, kufuli na majembe. Pale kona palikuwa na jenereta kuukuu, rangi ya kijani, lililopita mikononi mwa watu wengi tangu vita.

"Bwana Ildefons, mimi ni mfanyabiashara, napenda kuuza," alisema Jayant. "Lakini nakwambia kweli. Hata mimi hapa mjini petroli napata kwa foleni. Wewe Izimbya utaipata wapi?"

"Nitaitafuta."

"Unataka kuwasha nini?"

"Taa. Nyumba yangu ina giza."

"Nyumba ya tofali na bati, tena ina giza?"

"Giza sana," alisema Ildefons.

Jayant alinitazama. Mimi nikatazama sanduku la misumari. Nisijifanye mwerevu sasa. Nilikuwa nimelizoea giza lile kiasi kwamba halikunishangaza tena. Jayant akatikisa kichwa, akaandika risiti.

Jenereta lilifanya kazi jioni sita. Majirani walikuja kutazama. Lilipiga kelele hata hatukusikizana mezani, na Ildefons alitabasamu kama bwana harusi. Jioni ya saba petroli iliisha. Alipanda baiskeli kuitafuta, akarudi na dumu tupu. Akalifunika jenereta kitambaa cha meza, likakaa katikati ya sebule. Kuku wangu mmoja alipapenda pale, akaanza kutaga juu yake.

Kuni zilibaki mizigo sita. Jenereta halipiki maharage. Joviana aliendelea kwenda msituni, na sasa alikuwa haulizi tena habari za shule. Jambo hilo liliniumiza kuliko kama angelia.

Mwanzoni mwa mwezi wa tano alikuja Kokuberwa. Alikuwa Bibi Maendeleo mpya wa kata yetu, mtu wa Muleba, mwanamke mfupi mwenye miguu ya kutembea. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Nilimkaribisha ndani. Alipiga hatua mbili tu, nikasikia kishindo.

"Pole, waitu," nilisema, ndivyo tunavyomwita mtu kwa heshima.

"Ahsante. Nimegonga nini?" aliuliza akisugua goti.

"Umeme," nilimjibu.

Ildefons alitoka chumbani, amekasirika kidogo. Walisalimiana. Kokuberwa aliangalia mezani, akaona kibatari kinawaka.

"Ta Ildefons, sasa ni saa nne asubuhi," alisema kwa adabu. "Jua linawaka nje. Mbona mmewasha kibatari?"

"Bila kibatari tungeonaje?"

Kokuberwa alikichukua kibatari, akaanza kutembea kando ya ukuta. Alipapasa tofali kwa kiganja.

"Hapa palikuwa na dirisha."

"Ndiyo," alisema Ildefons.

"Na hapa."

"Ndiyo. Yapo matano. Na matundu ya hewa kule juu."

"Nani aliyaziba?"

"Mimi."

"Lini?"

"Wakati wa vita. Ndege zilipokuja kupiga mabomu Bukoba, tuliambiwa mwanga usionekane."

"Na mafiga je? Mlikuwa mnapikia ndani tangu zamani?"

"Hapana. Jiko lilikuwa kule nyuma, bandani. Moto wa nje ungeonekana na ndege, kwa hiyo tukaupeleka chumba cha nyuma."

Kokuberwa alirudisha kibatari mezani.

"Ta Ildefons," alisema taratibu, "ndege zile zilikwishaondoka."

"Najua."

"Ni mwaka wa tisa sasa."

"Nimesema najua."

Mimi nilianza kucheka, na kicheko kikageuka hasira. Niliona mbele yangu chupa zote za mafuta ya taa tulizochoma mchana kweupe kwa miaka tisa. Nilimkasirikia Ildefons. Halafu nikajikasirikia mwenyewe, kwa sababu na mimi nilikuwa na mikono, na nyundo ilikuwa inaning'inia ukutani. Vita viliisha, askari wakarudi makwao, sisi tukabaki vitani peke yetu na kibatari chetu.

Ildefons hakupenda kuchekwa. Alinyanyua kidevu.

"Nilitaka kuitengeneza nyumba yote kwa mpigo," alisema. "Kahawa ya mwaka huu ikilipwa, ninaweka dari la mbao sebuleni, kama la nyumba ya mapadri."

"Dari la mbao la sebuleni litapunguza mizigo mingapi ya kuni?" aliuliza Kokuberwa.

"Dari halihusiani na kuni."

"Basi lisubiri. Ta Ildefons, nisikilize. Nyumba hii ina shida nyingi, na fedha zako ziko pale chini ya kuku. Huwezi kufanya yote. Kwa hiyo kila tengenezo tuliulize maswali mawili. La kwanza, litaondoa mizigo mingapi kichwani mwa mtoto? La pili, litatugharimu nini? Tunaanza na lile linaloondoa mingi kwa gharama ndogo. Lile la gharama kubwa lisiloondoa kitu, linakwenda mwisho wa foleni. Hata likiwa zuri."

"Na linaloanza ni lipi?"

"Bado sijui. Kwanza tupime. Mtu hashoni nguo bila kupima."

Alitoa kamba mbili kwenye kikapu chake. Alitaka kwa wiki moja kila mzigo ufungwe kwa kamba ileile, ili tujue mzigo ni kiasi gani na unaisha lini. Akataka pia tuweke alama kwenye chupa ya mafuta ya taa kila jioni. Mimi nilikubali. Kisha akamgeukia Ildefons.

"Na wewe, Alhamisi utakwenda na Joviana msituni. Utapima njia."

"Mimi? Mwanamume wa Kihaya nibebe kuni kichwani?"

"Sikusema kichwani. Una baiskeli."

Alhamisi walikwenda. Niliwaona wakivuka rweya, Joviana mbele, Ildefons nyuma anasukuma baiskeli. Joviana alirudi saa saba mchana, mzigo kichwani. Nilimwuliza baba mkubwa yuko wapi. Akasema amembakiza kwenye mteremko, kuni zimemwangukia mara tatu na mnyororo wa baiskeli umetoka. Ildefons alifika saa tisa. Alikuwa na tope mpaka magotini. Alikaa kwenye jiwe pale nje, akanywa maji vikombe vitatu.

"Joviana," alisema, "mnafanya hivi kila siku?"

"Si kila siku, baba mkubwa," alijibu Joviana. "Siku nne tu."

Jioni ile Ildefons alichukua nyundo na patasi, akaanza kubomoa tofali za dirisha la kwanza.

Sasa nawaeleza tulivyofanya, kwa mpango tuliofuata, na pia makosa yetu.

Wiki ya kwanza hatukutumia hata senti. Madirisha matano yalifunguliwa. Vibao vya zamani vya kufungia madirisha vilikuwa bado juu ya dari la stoo, vimejaa buibui. Ildefons aliviosha, akavirudisha, vifungwe jioni na kufunguliwa asubuhi. Matundu ya hewa alitoboa yote. Mimi na watoto tulichimba udongo mweupe bondeni, tukapaka kuta za ndani, maana ukuta mweusi wa masizi unameza mwanga na ukuta mweupe unaurudisha. Siku ile nilikiona kitanda changu vizuri mchana kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Nilikuta utando wa buibui ambao lazima ulikuwa na umri wa mwanangu wa tatu. Kibatari kikawa cha jioni tu. Chupa ya mafuta iliyokuwa ikiisha siku ya tatu ilifika siku ya kumi.

Kisha kuni. Kokuberwa aliziangalia kuni zangu zilizorundikwa nje kwenye mvua, akapiga ulimi.

"Ma Klaudia, ukichoma kuni mbichi, nusu ya moto inakausha kuni, nusu ndiyo inapika. Na moshi wote huu ni kuni ambazo hazikuungua. Zipasue nyembamba. Zipange chini ya upenu, zikae wiki mbili kabla ya kuzigusa."

"Wiki mbili nipike na nini?"

"Hizo wiki mbili zitakuwa ngumu. Baadaye utakuwa na akiba mbele yako kila siku."

Zilikuwa ngumu kweli. Niliazima kuni kwa jirani, nikanung'unika. Lakini baada ya wiki mbili nilikuwa na kuni zinazoshika moto kwa kijiti kimoja.

Maharage nilianza kuyaloweka jioni. Nilikuwa naona ni uvivu wa watu wa mjini, kumbe yaliyolowekwa yanaiva mapema sana. Yakichemka nusu saa, nilikitoa chungu motoni na kukitumbukiza kwenye kapu kubwa lililojazwa majani makavu ya migomba, nikafunika juu kwa majani mengine na gunia. Sisi tunajua kufunga ndizi kwa majani ili mvuke usitoke. Ni jambo lilelile. Chungu kinaendelea kupika chenyewe bila ukuni hata mmoja, na mimi niko shambani. Mara ya kwanza sikuamini, nikafunua kila baada ya dakika kumi kuchungulia. Hayakuiva. Kokuberwa aliniambia kapu halina kosa, kosa ni la mwenye kuchungulia.

Tulipima tena kwa kamba. Mizigo sita ilikuwa imeshuka ikawa minne. Hatukuwa tumenunua kitu.

"Bado," alisema Kokuberwa. "Minne bado inamla Joviana siku mbili. Sasa jiko."

Alitaka mafiga yatoke ndani, yarudi kwenye banda la nyuma, na pale tujenge jiko la udongo lenye matundu mawili na bomba la kutolea moshi. Hapo Ildefons aligoma.

"Nilizaliwa kwenye msonge wa nyasi," alisema. "Nikalima kahawa, nikajenga nyumba ya bati. Sasa unanirudisha kwenye udongo?"

"Msonge wa baba yako ulikuwa na akili kuliko nyumba hii," alisema Kokuberwa, na safari hii hata yeye uvumilivu ulikuwa umemwishia. "Kwenye msonge mafiga yalikaa ndani, moshi ukapanda, ukapenya kwenye nyasi polepole, ukatoka. Ukaua na wadudu wa paa. Bati halipitishi moshi, waitu. Ukipiga bati, unaurudisha moshi kwenye vifua vya watoto. Ulibadilisha nyumba, hukubadilisha moto. Na yale mafiga yako yanatoa joto pande zote, yanapasha ukuta, yanapasha miguu ya kuku. Jiko la udongo linalishika joto lote chini ya chungu."

Ildefons alinitazama, akidhani nitamtetea. Nikamwambia achague: udongo, au Alhamisi nyingine msituni.

Tulichimba udongo wa kichuguu. Tukachanganya na mchanga, majivu na nyasi zilizokatwakatwa, tukaukanyaga kwa miguu, watoto wote wanane wakicheka kwenye tope. Matundu tulipima kwa vyungu vyetu wenyewe, ili chungu kikae kimeziba, moto usitoroke pembeni. Mlango wa kuni ulikuwa mdogo, wa kuingia kuni mbili au tatu, si gogo. Bomba tulijenga kwa tofali zilezile zilizotoka kwenye madirisha, tukalipitisha ukutani.

Kokuberwa alisema likauke kivulini wiki mbili, tulipake udongo laini kila linapopasuka. Akaenda zake vijiji vingine. Siku ya tatu, nikiwa kanisani, Ildefons aliliwasha. Alitaka kuona linavyofanya kazi. Niliporudi lilikuwa na ufa wa kuingia mkono. Sitaandika niliyomwambia, kwa sababu hadithi hii itasomwa na watoto. Tulilibomoa, tukaanza upya. Na mwisho wa mwezi wa sita ulikuwa unakaribia.

Jiko la pili lilikauka vizuri. Siku nilipoliwasha, chungu cha maharage kilikuwa tundu la kwanza, na sufuria ya uji ikachemka tundu la pili kwa moto uleule. Moshi ulitoka nje kwenye bomba. Nilikaa mbele ya moto, macho yangu makavu, nikajiona mjinga na mwenye furaha kwa pamoja. Tulipima kwa kamba wiki nzima. Mizigo ilikuwa miwili.

Miwili, tunaileta mimi na Joviana Jumamosi moja tu, tunaimaliza.

Nilimtuma Ildefons mwenyewe aende kwa Mwalimu Aristides. Nilimfuata kwa nyuma, maana namjua. Mwalimu alifungua daftari lake, akapitisha kidole.

"Mwezi wa tano alikosa siku kumi na tatu," alisema. "Mwezi huu alikosa mwanzoni, lakini wiki hii nzima hajakosa hata siku moja. Kulitokea nini nyumbani?"

Ildefons alikohoa. "Tulifungua madirisha," alisema.

Mwalimu hakuelewa, wala hakuuliza. Alitoa kalamu, akaandika jina la Joviana kwenye orodha.

Vyumba vya watoto vilikuwa na shida yao. Chini ya bati, mvua ikinyesha, baridi ilishuka, nao walikuwa na desturi ya kuweka kigae cha makaa katikati ya chumba walalapo. Kokuberwa alipoona alikitoa kigae nje mwenyewe. Alituambia makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyoonekana wala kunukia, na mtu hulala asiamke. Tulimshukuru Mungu kwamba mlango wetu ulikuwa na nyufa. Tukaweka dari la matete juu ya chumba chao, tukatandika mikeka juu yake, baridi ikapungua na makaa tukayapiga marufuku. Hilo lilitugharimu kidogo, lakini lilikuja kwa zamu yake. Dari la mbao la sebuleni bado liko mwisho wa foleni.

Na jenereta? Jayant alikuwa na mteja Goziba, mwenye kambi ya wavuvi anayepata petroli kwa ajili ya injini za mitumbwi. Kule jenereta lina maana. Ildefons alilirudisha mjini. Jayant aliliuza, akatupatia fedha zetu, na hakumcheka. Zile fedha zilinunua madaftari, viatu na sanduku la bati.

Sanduku hilo lilikuwa la Joviana. Alifanya mtihani mwezi wa tisa, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana, ya bweni. Siku alipoondoka nililia mpaka wadogo zake wakanishangaa. Mama yake angevaa kitenge kizuri siku ile. Nilivaa mimi kwa niaba yake.

Jumamosi ya kwanza baada ya kuondoka kwake, niliamka nikijua kuni ni zangu peke yangu. Nilitoka nje kuitafuta kamba, sikuiona. Baiskeli pia haikuwepo. Ildefons alirudi saa saba mchana, jasho linamtiririka, mizigo miwili imefungwa nyuma ya baiskeli, safari hii imefungwa vizuri. Aliishusha chini ya upenu, akajifuta uso.

"Klaudia," alisema, "kuni zimekuwa mbali siku hizi."

Nikamwambia zilikuwa mbali siku zote.